Mwacheni Mama Abebe Ndoo: Mazoezi ya Nguvu kwa Mzee Mwenye Mifupa Dhaifu

Mama yangu alivunjika kifundo cha mkono akiwa na miaka 66. Hakuanguka kutoka mtini wala hakugongwa na bodaboda. Aliteleza uani, pale maji ya kufulia yalipotuama, akajikinga na kiganja, mfupa ukakatika. Baada ya kumfunga hogo, daktari aliona mfupa umevunjika kirahisi mno, akaagiza apimwe wingi wa madini kwenye mifupa. Majibu yakaja: nyonga -2.6, mgongo -2.9, yaani mifupa imepungua mno (maana ya namba hizi naieleza hapo chini).

Kuanzia siku hiyo nyumba nzima tukawa walinzi. Akishika ndoo ananyang'anywa. Akitaka kusogeza kiti, wajukuu watatu wanakikimbilia. "Mama kaa. Mama pumzika, umeshafanya kazi ya kutosha." Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema hivyo, na nilisema kwa mapenzi. Baada ya miezi sita alikuwa hawezi kuinuka kwenye kochi bila kushikwa mkono. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa akimhudumia ule mkono alimtazama anavyoinuka, kisha akanigeukia mimi: "Kwani mnamfanya nini mama yenu?"

Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyofanya tangu hapo, miaka mitatu sasa, uani kwetu Tanga, pamoja na niliyojifunza njiani. Yanamhusu mtu mzima aliyeambiwa mifupa yake imepungua, na yanamhusu pia mtoto wake anayetaka kumsaidia bila kumvunja.

Jua kwanza una nini

Huku kwetu maumivu yoyote ya goti au kiuno yanaitwa "mifupa kusagika". Mara nyingi kinachosagika ni gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayokaa kati ya mfupa na mfupa kwenye kiungo. Hilo ni jambo jingine, nalo linauma. Mifupa kupungua madini hakuumi hata kidogo. Mtu anaishi nayo miaka kumi bila kujua, mpaka siku anajikwaa na kuvunjika, au siku anagundua kanga aliyokuwa akiifunga vizuri sasa inaburuta chini, kwa sababu pingili za mgongo zimebonyea na kimo kimepungua. Kimo kikipungua sentimita 4 kulinganisha na ujana wako, mwambie daktari.

Kipimo chenyewe huitwa DEXA, ni eksirei ya mionzi midogo sana, na hakipatikani kila hospitali. Jibu lake kubwa ni alama ya T, inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya. Kwa mgawanyo uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida. Kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua, na hali hiyo huitwa osteopenia. Ikifika -2.5 au ikishuka zaidi ya hapo ni osteoporosisi.

Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu mwili ukipunguza sana kutoa homoni ya estrojeni baada ya hedhi kukoma, mifupa hupungua haraka katika miaka ya mwanzo. Lakini wazee wa kiume wasijione wako salama. Na yeyote aliyetumia prednisolone kwa miezi mingi, labda kwa pumu au baridi yabisi, aulize kuhusu mifupa yake hata kama hana miaka 60.

Kwa nini uzito, na si kutembea tu

Mfupa ni kitu hai. Kuna seli zinazoula mfupa mkuukuu na kuna seli zinazojenga mpya, usiku na mchana. Mwaka 1892 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alieleza kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba. Ukiubebesha, hujiimarisha. Ukiupumzisha, mwili unaona hauna kazi nao, unayachukua madini yake. Ndiyo maana wanaanga, wanaoelea kule juu bila uzito, hupoteza karibu asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya nyonga kila mwezi, nao ni vijana wenye afya waliochaguliwa kwa makini. Kochi letu lilikuwa linamfanyia mama kazi ya aina ileile, polepole zaidi.

Kutembea kunafaa moyo, sukari na usingizi, usikuache. Ila mfupa umeshazoea kutembea tangu ukiwa na mwaka mmoja, hausikii jambo jipya. Kuogelea na baiskeli ndiyo kabisa, maana maji au kiti kinakubebea uzito wako.

Kilichonishawishi mimi ni utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Griffith, Queensland, Australia, ukachapishwa mwaka 2018 kwa jina la LIFTMOR. Walichukuliwa wanawake 101 waliokoma hedhi, wote mifupa yao imepungua. Kundi moja lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Kundi la pili lilinyanyua vyuma vizito kwelikweli, seti 5 za mara 5 (yaani kunyanyua mara 5, kupumzika, kisha tena, mizunguko mitano), dakika 30, mara mbili kwa wiki, chini ya macho ya mwalimu, kwa miezi 8. Waliofanya mepesi mgongo wao ulipungua asilimia 1.2. Walionyanyua vizito uliongezeka asilimia 2.9. Katika kundi hilo la vizito aliyeumia ni mmoja tu, alikaza misuli ya kiuno kidogo.

Asilimia 2.9 inaonekana ndogo. Kwa mfupa ambao kila mwaka ulikuwa unashuka, kugeuza mwelekeo ni jambo kubwa. Tena nguvu za misuli huongezeka haraka kuliko mfupa, na misuli ndiyo inayokuzuia usianguke. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake kule Boston waliwanyanyulisha vyuma wazee 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96 kwa wiki 8, na nguvu za mapaja yao zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hiyo "nimeshazeeka" hatulikubali hapa.

Hatua ya 1: Ruhusa ya daktari

Hii usiiruke. Nenda na maswali matatu: je, nina pingili ya mgongo iliyobonyea? Presha yangu imetulia? Kuna dawa ninayotumia inayonipa kizunguzungu? Kama una maumivu ya mgongo yaliyoanza ghafla, hasa katikati ya mgongo baada ya kuinama au kubeba kitu, usianze mpaka upigwe eksirei. Pingili huweza kuvunjika bila kuanguka, na wengi hudhani ni "kiuno tu". Kifua kubana, kuzimia, au operesheni ya karibuni, hayo nayo yasubiri neno la daktari.

Aliyekwisha kuvunjika pingili anaweza kufanya mazoezi, lakini aanze na mtaalamu wa fiziotherapia pembeni yake. Mwongozo huu peke yake haumtoshi.

Hatua ya 2: Vifaa

Jimu yenye mwalimu anayejua kazi ni nzuri kuliko vyote. Kama ipo na una uwezo, nenda. Sisi tulianza na vilivyokuwapo nyumbani, na vingine tunavyo hadi leo.

Dumu ndiyo chuma chako. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 linakupa uzito wowote kuanzia kilo 1 hadi 20, na unaongeza kwa kikombe ukitaka. Tulichora mistari kwa kalamu ya wino usiofutika: 5, 8, 10, 12, 15. Tafuta na madumu mawili ya lita 5 yenye mshiko mzuri. Chupa mbili za maji za nusu lita na mbili za lita moja na nusu. Tyubu ya baiskeli iliyochanwa kwa urefu, fundi baiskeli anakupa kwa bei ya soda. Kiti kigumu kisichoteleza, kikiegemezwa ukutani. Kile cha plastiki cha kawaida hakifai kwenye vigae, kinakimbia. Ufagio wenye mpini mrefu. Mkeka. Raba za kufunga kamba, au miguu mitupu kama sakafu ni kavu. Kandambili ziache mlangoni.

Hatua ya 3: Jifunze kuinama upya

Kama utasoma sehemu moja tu, soma hii. Tulikaa nayo wiki mbili nzima kabla mama hajashika dumu lenye maji.

Mwaka 1984 daktari Mehrsheed Sinaki wa Mayo Clinic, Marekani, alichapisha matokeo ya kufuatilia wanawake 59 wenye osteoporosisi ya mgongo. Waliopewa mazoezi ya kukunja mgongo kwenda mbele, asilimia 89 walipata mipasuko mipya ya pingili. Waliopewa ya kunyoosha mgongo kwenda nyuma walikuwa asilimia 16. Kundi lilikuwa dogo, lakini tofauti hiyo mimi siwezi kuipuuza. Ukikunja mgongo, uzito wote unabana sehemu ya mbele ya pingili, na hapo ndipo zinapobonyea.

Sasa fikiria siku ya mama wa Kiswahili. Anafagia ua na ufagio wa chelewa akiwa amejikunja. Anafua kwenye beseni lililo chini. Anapuliza jiko. Anapalilia. Saa nzima mgongo uko kama upinde. Kumwambia asinyanyue kilo 10 huku anafua hivyo kila Jumamosi ni kulinda mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Tulifundishwa hivi. Simama, miguu upana wa nyonga. Mtu akushikie mpini wa ufagio mgongoni, ukigusa sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa mkiani. Legeza magoti kidogo. Sasa sukuma makalio nyuma, kama unayefunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vyombo. Kifua kitashuka chenyewe. Mpini ukiachana na sehemu yoyote kati ya zile tatu, mgongo umekunjika. Rudi, anza tena. Ukihisi kuvutika nyuma ya mapaja, hapo umepatia.

Mama alihangaika siku nne. Mpini ulikuwa unaachana na mkia kila mara. Siku ya tano nikamwambia, "Mama, nionyeshe rukuu." Akarukuu, viganja magotini, mgongo umelala sawa kama meza. Niliweka mpini juu yake, ukagusa kote kutatu. Akanyanyuka akasema, "Mwanangu, hii si nilifundishwa na babu yako nikiwa na miaka saba?" Kwa anayeswali, mwalimu wa mgongo ulionyooka anaye mara kumi na saba kwa siku, ilimradi arukuu kwa utulivu.

Tangu hapo beseni la kufulia likapandishwa juu ya meza, na ufagio wa uani ukafungwa mpini mrefu. Hayo mawili yafanye leo hii, kabla ya zoezi lolote.

Hatua ya 4: Mazoezi yenyewe

Pasha mwili kwanza dakika 5 hadi 10: tembea uani, zungusha mabega, nyanyua magoti ukiwa umeshika ukuta. Kisha fuata haya. Katika yote, toa pumzi wakati wa kunyanyua, vuta wakati wa kushusha. Usibane pumzi, presha hupanda.

Kukaa na kusimama. Kaa ukingoni mwa kiti, nyayo chini ya magoti. Egemeza kifua mbele kutoka nyongani, simama bila kushika kitu, kisha kaa polepole ukihesabu mpaka tatu. Usijitupe, kujibwaga kitini kunazigonga pingili. Akishindwa, ongeza mto juu ya kiti ili asishuke sana. Akiweza mara 10 kwa wepesi, akumbatie dumu la lita 5 lenye maji kiasi kifuani. Zoezi hili ndilo linalomfanya mtu aendelee kwenda chooni peke yake, na hasa kwenye choo cha kuchuchumaa sijaona mbadala wake.

Kunyanyua kutoka chini. Hili ndilo la nyonga na mgongo. Weka dumu juu ya kigoda au matofali mawili, likae kati ya miguu, mshiko uwe karibu na usawa wa magoti. Sukuma makalio nyuma kama ulivyojifunza, shika mshiko kwa mikono miwili, kaza tumbo kidogo kama mtu anayekaribia kukohoa, kisha sukuma sakafu kwa miguu mpaka usimame wima. Shusha kwa njia ileile. Mikono ni kamba tu, haivuti. Tulianza na lita 5. Mwezi baada ya mwezi tukatoa tofali moja, kisha la pili. Leo mama ananyanyua lita 20 kutoka sakafuni mara 5, na mgongo haupindi.

Kuvuta. Funga tyubu kwenye nondo ya dirisha usawa wa kitovu. Ijaribu kwanza wewe mwenye nguvu, isije ikafyatuka usoni mwa mzee. Simama, vuta viwiko nyuma mpaka mabega yakaribiane mgongoni, hesabu mbili, rudisha taratibu. Linamsaidia anayeanza kuinama mabega.

Kusukuma juu. Egemea ukuta, chupa za nusu lita mabegani, sukuma juu ya kichwa bila kupinda kiuno kwenda nyuma. Bega likiuma, ishia usawa wa uso. Hapa uongezaji ni wa polepole sana. Mama alikaa na chupa za lita moja na nusu karibu mwaka.

Kubeba na kutembea. Dumu kila mkono, uzito sawa, kifua mbele, tembea hatua 20, weka chini kwa kusukuma makalio nyuma. Hapa alicheka, kwamba tunamlipa fiziotherapia amfundishe kuteka maji. Ila ndoo kichwani hapana, kwa mwenye osteoporosisi siishauri. Uzito unashuka moja kwa moja kwenye pingili, na hatari kubwa ni kule kuitua.

Kudondosha visigino. Shika fremu ya mlango, panda juu ya vidole vya miguu, kisha jiachie utue kwa visigino, usikie mtikisiko mdogo ukipanda mpaka nyongani. Mara 10, pumzika, mara 10. Mfupa hupenda mshtuko mfupi kuliko mzigo wa kimyakimya. Mwenye pingili iliyovunjika au nyonga inayouma aliache hili.

Kulala kifudifudi. Mkekani, mto chini ya tumbo, mikono pembeni. Nyanyua kifua kidogo tu, macho yakitazama mkeka, hesabu mpaka tatu, shuka. Mara 8. Asiyeweza kushuka chini afanye kitandani kama godoro ni gumu.

Hatua ya 5: Uzito kiasi gani

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kosa liko pande mbili. Kijana wa jimu anataka kumpa mzee chuma kizito siku ya kwanza. Familia inataka abaki na chupa ya nusu lita maisha yote.

Wiki 6 za mwanzo ni za kujifunza. Seti 2 za mara 10 hadi 12, uzito ambao ukimaliza unahisi ungeweza mara nyingine 5. Baada ya hapo ongeza mzigo, punguza mara: seti 3 za mara 8, na mwisho wa kila seti ubaki na mara 2 tu mwilini. Uso lazima uonyeshe kazi. Akiwa anapiga soga huku ananyanyua, mzigo ni mwepesi. Ongeza lita moja kwenye dumu, au nusu lita, pale tu anapokamilisha seti zote mara mbili mfululizo bila mgongo kupinda. Ile seti 5 za mara 5 za vyuma vizito ya wale wa Queensland ni ya mbele huko, baada ya miezi kadhaa, na ni ya mtu mwenye mwalimu anayemtazama. Usiiige peke yako nyumbani.

Pumzika dakika mbili kati ya seti. Siku mbili kwa wiki zinatosha, zisifuatane. Sisi ni Jumatatu na Alhamisi, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Zote pamoja hazizidi dakika 45.

Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida, mwambie mapema asiogope. Maumivu makali ya ghafla, maumivu ndani ya kiungo, ganzi inayoshuka mguuni, au mgongo unaouma zaidi ukisimama, hapo simamisha na urudi hospitali.

Mambo ya kuacha kabisa: kunyanyua kiwiliwili ukiwa chali kwa ajili ya tumbo, kugusa vidole vya miguu kwa kukunja mgongo, kuzungusha kiuno kwa nguvu ukiwa na mzigo, na kuvuta kitu kizito kutoka chini ya kitanda. Hilo la mwisho ndilo linalowapata wengi, siku ya kutoa sanduku la nguo za sikukuu.

Hatua ya 6: Kutoanguka

Nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka, hivyo kila siku, hata zisizo za mazoezi, weka dakika tano za mizani ya mwili. Simama kwa mguu mmoja karibu na meza wakati chai inachemka, sekunde 10, kisha 20, kisha 30. Tembea kisigino mbele ya kidole kwenye mstari wa vigae. Mtu awe karibu mwanzoni.

Halafu kagua nyumba. Sisi tulitoa zulia dogo la sebuleni lililokuwa limejikunja pembeni, tukafunga bomba la kushika chooni, na tukaweka taa kwenye ujia ambao mama hupita usiku. Ua tukaupa mteremko, maji yasituame tena pale alipoteleza.

Chakula na dawa, kwa ufupi

Mtu wa zaidi ya miaka 50 mwanamke anahitaji kalisiamu kama miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa au mtindi kinakupa karibu 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina, na ni wa bei ya kila mtu. Mchicha una kalisiamu lakini una oksaleti zinazoizuia isifyonzwe vizuri. Sukuma wiki ni bora kwa kazi hii. Protini msiwanyime wazee: uji na chai tupu haviwezi kujenga misuli. Yai, maharage, samaki, kila mlo kitu kimoja. Vitamini D hutoka juani, na mama zetu wanaojifunika vizuri wakitoka, au wanaoshinda ndani, waipate uani, mikono na miguu wazi, au waulize daktari kuhusu vidonge.

Kama daktari ameandika dawa ya mifupa, mazoezi hayachukui nafasi yake. Mama anakunywa alendronate kila Ijumaa alfajiri: tumbo tupu, glasi nzima ya maji, kisha anakaa wima nusu saa, hali wala halali, kwa sababu kidonge kikirudi kooni kinaunguza. Kipimo chake cha pili, baada ya miaka miwili, mgongo ulisoma -2.6 kutoka -2.9, nyonga ikabaki palepale. Siwezi kugawa ni kiasi gani ni dawa na kiasi gani ni dumu, na sioni sababu ya kuacha chochote kati ya hivyo viwili.

Ukikatika katikati

Utakatika tu. Malaria, msiba, safari, mvua. Ukikosa wiki moja, endelea ulipoishia. Ukikosa wiki tatu, rudi na nusu ya uzito na upande tena taratibu. Baada ya homa, subiri mpaka hamu ya kula irudi.

Mwezi wa Ramadhani tunahamishia mazoezi usiku, muda wa saa moja na nusu hivi baada ya futari, seti moja ya kila zoezi kwa uzito uleule aliokuwa nao mwezi uliotangulia, Shabani, maji yakiwa karibu. Lengo la mwezi huo ni kutopoteza, hatuongezi kitu. Sikukuu ikiisha tunarudi kwenye seti tatu.

Weka daftari. La mama ni la kawaida la kurasa 48, anaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kulalia kulia: tarehe, zoezi, lita, mara ngapi, na neno moja la jinsi alivyojisikia. Ukurasa wa kwanza umeandikwa "dumu lita 5, mara 6, nimechoka". Alhamisi iliyopita ameandika "lita 20, mara 5, seti 3", na chini yake, "kesho nateka maji mwenyewe, mtu asinifuate bombani".